Kiungo Kidogo Chini ya Gari-Nyumba

Na Afisa wa Uhusiano, Jeshini

Msafiri apitaye barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka ni nadra asiposimama Lukaya. Hapo wauzaji wa nyama choma, kuku na gonja huyazingira magari kabla hata magurudumu hayajatulia, na nyuma yao moshi wa makaa hupanda mchana kutwa. Mwezi wa Septemba 2019 nilikuwa nikipita hapo katika gari la jeshi, nikiendeshwa na Sajini mmoja wa karakana, mtu mzima ambaye amekaa chini ya magari miaka mingi kuliko niliyokaa mimi jeshini. Tulikuta limeegeshwa, matako yakielekea kwenye majiko, lori kuukuu aina ya Bedford RL, moja katika yale yaliyotumiwa na Jeshi la Uingereza tangu miaka ya 1950. Mahali pa turubai palikuwa pamejengwa chumba cha mbao na mabati, chenye madirisha, pazia na bomba la moshi. Watu wameyazoea magari ya namna hiyo. Huyaita gari-nyumba, kwa sababu mwenyewe hupika, hula na hulala humo humo.

Wenyewe walikuwa mzee mmoja wa Kiingereza na mkewe, waliokuwa safarini kuelekea Kabale. Mzee alikuwa amesimama ubavuni akinunua mishikaki. Mimi niliona tone moja likianguka chini ya gari, kisha la pili, nikadhani ni maji ya jokofu. Sajini alizima injini yetu mbali kidogo, akanusa, akasema kwa sauti ya chini, "Afande, hayo si maji. Hiyo ni petroli, na jokofu la watu hawa linawaka moto ndani."

Hapana budi nieleze maneno hayo, kwa kuwa wengi hawajui. Jokofu la gari-nyumba mara nyingi haliendeshwi kwa umeme peke yake. Lina mwali mdogo wa gesi unaowaka usiku na mchana, na joto la mwali huo ndilo linalozungusha dawa ya baridi mabombani. Kwa hiyo gari la namna hii hutembea likiwa na tangi la petroli, mtungi wa gesi, jiko la kupikia na mwali usiozimwa, vyote vikiwa chini ya paa moja na vitanda. Na petroli si kama dizeli. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi ukapotea bali hutambaa ardhini na kujikusanya mashimoni. Ukifika kiasi cha sehemu moja na nusu katika mia ya hewa, cheche moja yatosha.

Ilikuwa majuma machache tu tangu tarehe 10 Agosti 2019, siku ambayo lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya mia moja wakapoteza maisha. Habari hizo zilikuwa bado midomoni mwa watu. Sajini hakupiga kelele. Aliwaendea akina mama wa majikoni akawaambia, "Mama zangu, funikeni makaa kwa muda mfupi tu." Mimi nilimweleza mzee kwa Kiingereza, akakimbia kufunga mtungi wa gesi. Kisha vijana waliachia breki, gari likaserereka taratibu kwa mteremko hatua kama arobaini, bila kuwasha injini. Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa ukitetemeka nilipokuwa nikiifungua nati ya waya wa betri.

MAHALI PALIPOHARIBIKA

Asili ya mkasa huu ilikuwa kwenye mlima. Mzee alisimulia kwamba walipokuwa wakipanda Timboroa nchini Kenya, injini ilikatakata na kuzimika mara kwa mara. Magari ya kale yana pampu iliyofungwa kwenye injini, nayo huvuta petroli kutoka tangini kwa njia ndefu ya paipu. Juu milimani kanieneo ya hewa ni ndogo, injini ina joto kali, na petroli iliyo katika kuvutwa hugeuka mvuke ndani ya paipu. Pampu hubaki inavuta mvuke badala ya mafuta. Fundi wa gereji moja njiani akamfungia mzee pampu ndogo ya umeme karibu na tangi, ili petroli isukumwe badala ya kuvutwa. Shauri lenyewe lilikuwa jema, na tangu hapo lori lilipanda milima bila taabu.

Lakini hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Paipu inayovutwa, ikiwa na kiungo kilicholegea, haidondoshi kitu; huingiza hewa. Dereva ataona injini inakohoa, atalaumu plagi, atalaumu kabureta, wala hataona hata alama ya unyevu chini. Paipu ile ile ikianza kusukumwa, kiungo kile kile huanza kutoa petroli nje. Kwa hiyo afungaye pampu ya umeme karibu na tangi hana haki ya kuondoka kabla hajavikagua viungo vyote, kuanzia pampu mpaka kwenye kabureta. Fundi yule hakufanya hivyo. Na vile viungo viwili alivyovifunga mwenyewe ndivyo vilivyokuwa vibaya kupita vyote.

Pampu ilitengenezwa Marekani. Matundu yake yalikuwa na hesi, yaani zile njia zizungukazo kama za parafujo, ya kipimo cha Kimarekani cha thumni ya inchi. Vipande vya shaba alivyovipata dukani vilikuwa pia vya thumni ya inchi, lakini vya kipimo cha Kiingereza, ambacho ndicho kilichoenea katika maduka yetu ya mabomba. Jina ni moja, vitu ni viwili. Hesi ya Kimarekani ya thumni ya inchi ina njia 27 katika kila inchi. Ya Kiingereza ina 28. Pembe ya meno ya Kimarekani ni digrii 60, ya Kiingereza ni 55. Tena kipande cha Kiingereza ni chembamba kwa karibu nusu milimita. Ugomvi huu ni wa zamani: Joseph Whitworth aliwapangia Waingereza pembe yake mwaka 1841, na William Sellers akawapendekezea Wamarekani ya kwao mwaka 1864. Tangu wakati huo mafundi wa nchi za mbali, wanaopokea magari ya pande zote mbili, ndio wanaolipa gharama.

Basi kipande chembamba kiliingia katika tundu pana kikachezacheza. Fundi akakivisha ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kikakaza. Sajini alipokifungua, kilitoka kimevimba kama kidole kilichofungwa bendeji. Alihesabu duru kumi na moja za tepu, akanionyesha bila kusema neno.

TEPU NA DAWA

Nisieleweke vibaya. Tepu ile haiyeyuki kwa petroli. Kwa upande huo haina lawama. Ubaya wake ni vipande. Kila kiungo kinapokazwa, meno hukata nyuzi za tepu, nazo husafiri na mafuta hadi kwenye vali ya pampu au katika vijitundu vya kabureta, ambavyo wembamba wake unakaribia ule wa sindano. Tulipofungua chujio tulikuta nyuzi nyeupe zimelala humo. Kama chujio lisingekuwepo, zingefika mbele.

Hesi za namna hii, iwe ya Kimarekani au hizi za Kiingereza zilizochongoka, hupungua unene kwa kiasi cha moja katika kumi na sita, ili kadiri zinavyokazwa ndivyo zinavyobanana kama kabari. Hata zikiwa za kipimo sawasawa, hubaki upenyo mwembamba unaozunguka pamoja na meno, na petroli huupata. Upenyo huo hujazwa dawa ya kuzibia, ile iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kwa petroli. Ipo inayobaki laini, na ipo inayoganda ikikosa hewa katikati ya chuma na chuma. Silikoni isitumike kamwe. Petroli huifura na kuimenya. Mafundi wa zamani walipendelea dawa ya shelaki, nao hawakukosea, kwa kuwa shelaki haiogopi petroli. Lakini shelaki huyeyuka katika spiriti, na zipo nchi ambazo huchanganya petroli na spiriti ya miwa. Malawi ilianza kufanya hivyo mwaka 1982. Gari lililozibwa kwa shelaki likinyweshwa mafuta ya namna hiyo, viungo vyake hulainika, na mipira ya kale isiyoundwa kwa spiriti huanza kupasuka.

Na ile sabuni ya kipande? Kila dereva wa mabasi anaijua. Sabuni hukanyagwa penye ufa, na petroli hushindwa kuiyeyusha. Sajini mwenyewe alisema imemfikisha nyumbani mara nyingi. Ila mvua moja tu yatosha kuiosha, kwa hiyo ni ya kukufikisha gereji tu.

Katika sanduku la Sajini mlikuwa na kopo la maziwa lililojaa viunganishi vya shaba, mabaki ya jenereta za Kimarekani zilizokwisha kufa. Alitafuta viwili vya hesi iliyopasa, akavijaribu kwa mkono bila dawa, vikaingia duru tatu na nusu na kushika barabara. Ndipo akasafisha meno kwa brashi na kitambaa, akapaka dawa akiacha duru mbili za mwanzo zikiwa tupu, ili dawa isiingie ndani ya mafuta. Akakaza kwa mkono, kisha kwa spana duru moja na nusu, huku spana ya pili ikiishika pampu isijizungushe. Hakuongeza. Kabari ya shaba ikikazwa kwa hasira huupasua mdomo wa pampu, na ufa ule haupati dawa tena.

Kiungo kingine, karibu na kabureta, kilikuwa pia kimevishwa tepu, nacho kilikuwa kikitoa jasho la petroli. Hicho kilikuwa cha namna tofauti: paipu iliyotanuliwa mdomo kama tarumbeta, ikabanwa na nati juu ya koni ya shaba. Katika kiungo cha namna hiyo kinachozuia mafuta ni ule mdomo wa paipu kukutana na koni. Hesi ya nati kazi yake ni kuvuta tu. Tepu haizibi chochote hapo, bali huidanganya spana, ikaonekana nati imekaza kumbe midomo haijakutana. Sajini alibandua tepu yote, akafuta koni mpaka ikang'aa, akaifunga kavu kabisa.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha maofisa, masomo ya magari niliyaona kuwa ni ya watu wa mikono myeusi. Nilipata alama za kunivusha tu, nikaendelea na ramani na hotuba. Siku ile nilishika tochi kwa muda wa saa moja na nusu na kupokea amri kutoka kwa mtu wa cheo cha chini yangu, wala sikuona haya.

Baada ya hapo betri iliunganishwa na pampu ikawashwa peke yake, injini ikiwa kimya. Sajini alizungushia kila kiungo kipande cha karatasi nyeupe, tukasubiri dakika kumi. Karatasi zilibaki kavu. Hata hivyo alimwambia mzee, nami nikatafsiri, kwamba joto na mtikisiko hufichua kile ambacho utulivu hukificha: asimame baada ya kilomita 50, azungushe karatasi nyingine, na jokofu lisiwashwe mpaka wafike Kabale. Mama mmoja wa majikoni alikuwa amekwisha kuchochea makaa yake, akatuletea kuku mzima akakataa fedha.

Mzee alikuwa ameichukua namba yangu. Siku ya pili yake jioni alipiga simu kutoka Kabale kusema kwamba karatasi ni kavu na wanaomba ruhusa ya kuwasha jokofu. Nilimpa Sajini simu. Hawakuwa na lugha moja, lakini nilimsikia Sajini akisema, "Kagua tena, Mzee. Halafu washa."