Setilaiti Huona Majani, Haioni Malisho

Januari 2010 wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, walianza kuuziwa bima ya mifugo ya aina mpya. Ukame ukiingia, mfugaji hakutakiwa kuonyesha mizoga, wala hakuna ofisa aliyetumwa kuhesabu ng'ombe waliokufa. Fidia iliamuliwa na hali ya majani katika eneo zima, kama ilivyopimwa na setilaiti. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ilibuni mpango huo pamoja na washirika wake, chini ya mchumi Mkenya Andrew Mude, na malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011.

Sababu ya kwenda mbali hivyo ilikuwa gharama. Marsabit ni pana mno na mifugo yake huhama kufuata mvua. Kumtuma mkaguzi amfuate mwenye mbuzi thelathini hadi alikohamia kungekula fedha nyingi kuliko fidia yenyewe, na ndiyo maana kampuni za bima zilikuwa hazifiki huko. Setilaiti hupita juu ya boma la tajiri na la maskini kwa gharama ileile.

Lakini huona nini hasa? Jani bichi hupokea mwanga wa jua kwa namna mbili. Klorofili hunyonya sehemu kubwa ya mwanga mwekundu ili mmea ujitengenezee chakula. Mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, jani halina kazi nao: ukiingia ndani hugonga kuta za seli na nafasi za hewa zilizomo, hutawanyika, na karibu nusu yake hurudi nje. Jani likinyauka, mwekundu huanza kurudi kwa wingi na infraredi hupungua. Udongo mtupu hurudisha zote mbili kwa viwango visivyopishana sana.

Hapo ndipo kinapotoka kipimo kinachojulikana kwa herufi NDVI. Chukua infraredi iliyorudi, toa mwekundu uliorudi, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme majani mabichi yamerudisha infraredi 50 na mwekundu 8: tofauti ni 42, jumla ni 58, jibu ni 0.72. Nyasi zilizokauka zikirudisha 30 na 20, jibu ni 0.2. Kugawanya kuna faida kubwa. Majani yaleyale yakiwa upande wa mlima wenye kivuli, yakarudisha 25 na 4 tu, jibu linabaki 0.72. Hesabu inapima uwiano, hivyo kivuli kinachopunguza mianga yote miwili kwa kiasi kimoja hakiidanganyi.

Mawingu huidanganya. Wingu likifunika, namba hushuka kana kwamba majani yametoweka. Dawa yake ni kukusanya picha za siku kumi au kumi na sita na kuchukua, kwa kila kipande cha ardhi, namba ya juu kuliko zote, kwa kuwa wingu hupunguza namba na ni nadra kuiongeza. Nyanda kame hazisumbui sana kwa hili. Kwenye misitu ya Kongo mawingu yanaweza kukaa wiki kwa wiki, na huko watafiti hutumia pia rada, ambayo hupenya mawingu.

Kipimo hiki chenyewe kilizaliwa kwenye malisho. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, na watafiti wa Texas wakatumia picha zake kufuatilia nyasi za nyanda za kati za Marekani. Tangu hapo kumbukumbu zimerundikana, na kwangu mimi hizo ndizo hazina kubwa. Namba 0.25 peke yake haisemi kitu: Turkana inaweza kuwa neema, Kericho ingekuwa msiba. Maana hupatikana mahali panapolinganishwa na penyewe, masika ya mwaka huu dhidi ya masika yaliyopita palepale.

Mpango wa Marsabit ulijifunza jambo hilo na kwenda mbele zaidi. Mwanzoni namba za majani zilitumika kukisia vifo, na fidia ililipwa makisio yakipita asilimia 15 ya mifugo. Baadaye hesabu ikageuzwa: fidia ilipwe pale malisho yanapopungua, mnyama akiwa bado hai, ili mwenyewe anunue nyasi, maji na dawa. Naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika historia ya bima hii. Makisio ya vifo yalikuwa hatua moja mbali zaidi na kile setilaiti inachokiona kweli.

Hata hivyo, majani mabichi yanaweza yasiwe malisho. Baringo, Garissa na Turkana kuna mathenge, mti wa miiba uliopandwa Kenya miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni, kisha ukasambaa bila kuzuilika. Mizizi yake hufika maji ya chini sana, hivyo hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha. Mifugo hula maganda yake lakini majani huyakwepa. Setilaiti ikipita juu ya kichaka hicho katikati ya ukame hurekodi uoto wenye afya. Kosa hapo si la chombo, kwa kuwa kimepima kilichotumwa kupima. Lakini mfugaji aliyekosa fidia kwa sababu ya mathenge amedhulumiwa vilevile.

Kwenye misitu tatizo hubadilika sura. Majani yakishafunika ardhi yote, namba hufika karibu na 0.8 au 0.9 na kuganda. Msitu wa miaka mia mbili na shamba la chai lililostawi vinaweza kukaribiana. Ndiyo sababu chombo cha leza kiitwacho GEDI, kilichopelekwa kwenye kituo cha anga za juu mwishoni mwa 2018, kinapima urefu wa miti badala ya ubichi wake. Miombo nayo humshangaza asiyeijua: miti mingi huchipua majani mapya kabla ya mvua, na anayesoma namba tu atadhani mvua imenyesha.

Kwa mkulima mdogo swali ni ukubwa wa kipande kinachoonekana. Picha zenye vipande vya mita 250 kwa 250 huchanganya ekari kumi na tano katika namba moja: mahindi yako, migomba ya jirani, njia na mto. Tangu 2015 setilaiti za Sentinel-2 huona vipande vya mita 10, na picha zake ni bure. Shamba la nusu ekari sasa linaonekana, ingawa mahindi na maharage yaliyochanganywa bado husomeka kama kitu kimoja.

Kaskazini mwa Kenya watafiti wamewahi kuwapa wafugaji simu ili wapige picha za malisho wanayopitia na kueleza kama mifugo huyala. Taarifa kama hizo zikiwekwa kando ya namba za setilaiti na kupishana nazo, mathenge inaweza kutambuliwa na kuondolewa kwenye hesabu ya fidia.