Joho Peke Yake Halimfanyi Mtu Mwalimu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za Kitengela na Kajiado huingia katika shauri moja. Mtoto amefaulu, je, asomee nini? Wazazi wengi hulijibu swali hilo upesi: na awe mwalimu. Jibu hilo ni jema, kwa maana kazi ya ualimu ina heshima yake, na shule za nchi ya Wamaasai bado zahitaji watu wenye ujuzi. Lakini yako mambo ambayo hayana budi kuulizwa kabla ng'ombe wa kwanza hajauzwa kwa ajili ya karo. Wako vijana waliosoma miaka minne, wakavaa joho, wakapigwa picha pamoja na jamaa zao, kisha wakaambiwa ya kuwa hawawezi kuandikishwa kuwa walimu.

Katika Kenya chuo kikuu hutoa shahada, bali hakitoi idhini ya kufundisha. Idhini hiyo hutolewa na Tume ya Huduma za Walimu, ambayo watu wengi huijua kwa herufi zake, TSC. Tume hiyo iliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 237, imeipa kazi ya kuwaandikisha walimu waliofunzwa. Sheria yake ya mwaka 2012 yakataza mtu yeyote kufanya kazi ya ualimu asipokuwa ameandikishwa, iwe shule ni ya serikali au ya mtu binafsi.

Jambo la kwanza linalotazamwa ni cheti cha Kidato cha Nne. Mwenye shahada anayetaka kufundisha shule ya sekondari hutakiwa awe alipata wastani wa C+ au zaidi, na tena C+ au zaidi katika kila moja ya masomo mawili atakayoyafundisha. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Chukua mfano wa binti wa Kitengela aliyepata wastani wa B-, lakini katika Jiografia akapata C. Yamkini chuo kitampokea. Naye aweza kusoma Historia na Jiografia kwa bidii hata akawashinda wenzake wote. Hata hivyo ile C itamngoja mlangoni siku atakapoomba kuandikishwa. Angalichagua Historia na Kiswahili, masomo aliyopata B katika yote mawili, asingalipatwa na taabu hiyo. Kosa lake si uvivu wala ujinga. Ni kwamba hapana mtu aliyekaa naye na kukitazama cheti mstari kwa mstari.

Jambo la pili ni aina ya shahada. Anayechukua Shahada ya Elimu husoma masomo yake mawili pamoja na elimu ya kufundisha: jinsi mtoto anavyojifunza, jinsi ya kupima maendeleo yake, na jinsi ya kuliongoza darasa. Anayechukua shahada nyingine, hata ikiwa ya Historia au ya Hisabati, hapati elimu hiyo. Akitaka ualimu baadaye, hana budi kurudi chuoni kwa stashahada ya uzamili ya elimu, na kulipa karo nyingine. Kadhalika yampasa mwanafunzi ahesabu kozi zake, kwa kuwa Tume hutaka zisipungue nane katika kila somo la kufundishia.

Jambo la tatu ni chuo chenyewe. Zamani kijana wa Kajiado aliyetaka shahada ya ualimu ilimlazimu kwenda mbali. Chuo cha Kenyatta kilianzishwa mwaka 1965 katika kambi ya Kahawa iliyoachwa na askari wa Kiingereza, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Siku hizi mwendo umepungua. Kitengela, palipokuwa malisho ya ng'ombe na njia ya wanyama wa porini, ni mji uliohesabiwa watu zaidi ya 150,000 katika sensa ya mwaka 2019. Chuo Kikuu cha Umma kimo Kajiado, na cha Daystar kina bewa lake Athi River, ng'ambo tu ya mpaka wa kaunti. Lakini ukaribu si uthibitisho. Kabla ya kulipa, yafaa mzazi aiulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho, pamoja na kozi yenyewe, vimeidhinishwa.

Habari ya karo ni nzito katika nchi ya wafugaji. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hata mwanzo wa mwaka 2023 uliua mifugo mingi, na mzee aliyetegemea madume kumi kumsomesha mwanawe aliweza kujikuta na mawili. Kwa hiyo yafaa kijana aombe mapema mkopo wa HELB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1995, na msaada wa karo wa eneo lake la ubunge. Mkopo si zawadi, hulipwa.

Kisha huja mazoezi ya kufundisha, kwa kawaida muhula mmoja, na hayo ndiyo yanayomtenga mwenye wito na asiye nao. Mwanafunzi hupelekwa shuleni akiwa na azimio la kazi, maandalio ya somo na rekodi ya kazi. Mhadhiri wake huja, huketi nyuma ya darasa, huandika. Katika shule iliyo mbali na barabara ya Namanga, mwalimu huyo mpya atagundua ya kuwa mengine hayakuandikwa katika vitabu vyake. Madawati manne ni matupu kwa sababu wavulana wamefuata ng'ombe penye majani. Msichana mmoja haji tena, na wenzake hunong'ona habari za posa. Shule ya Msingi ya Wasichana ya AIC mjini Kajiado, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilisifika kwa kuwapa hifadhi wasichana waliokimbia ndoa za mapema, hasa wakati wa mwalimu mkuu wake, Bi Priscilla Nangurai. Alithibitisha ya kuwa kazi ya mwalimu haiishii ubaoni.

Baada ya mahafali hufuata maombi ya kuandikishwa: vyeti, kitambulisho, hati ya tabia njema kutoka polisi, na fomu ya daktari. Hapo tena subira yahitajiwa, kwa kuwa kuandikishwa si kuajiriwa. Shule za sekondari msingi zilipoanza mwaka 2023, maelfu ya walimu wapya waliingia humo kwa mkataba wa mafunzo kazini, kwa malipo madogo. Mahakama ya kazi iliukataa mpango huo mwezi wa Aprili mwaka 2024, walimu wakagoma, na mwezi wa Januari mwaka 2025 wapatao 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Anayechagua kazi hii na aichague akiijua njia yote.

Wenye cheti cha ualimu wa shule ya msingi nao wasikate tamaa. Wengi wamepata shahada kwa kusoma wakati wa likizo, huku wakiendelea kufundisha.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Jioni moja, kabla ya fomu ya chuo kujazwa, baba, mama na mtoto na wakiweke cheti cha Kidato cha Nne mezani, wayatie alama masomo mawili yaliyofaulu vema, ndipo wazungumze habari za ng'ombe.