Faili la mtoto likiandikwa ‘delay’, mzazi aulize nini?

Mzazi wa Nkowe, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, anaweza kutoka kliniki na jibu lote mkononi, lakini asijue ameambiwa nini. Mazungumzo na mhudumu huwa ya Kiswahili, na nyumbani pengine ni Kimwera. Lakini mengi yanayoandikwa kwenye faili au fomu ya rufaa ni ya Kiingereza.

Maneno hayo yakifika nyumbani, mara nyingi hugeuka mawili tu: “amechelewa” au “amerudi nyuma”. Tatizo ni kwamba kila neno lina maana yake kwa daktari, na kila moja linamtaka mzazi achukue hatua tofauti.

‘Delay’ haina maana kwamba atafika

Daktari akiandika ‘developmental delay’, anasema mtoto hajafikia hatua ambayo watoto wa umri wake huwa wameshaifikia, kama kukaa, kutembea au kusema. Mtaani mtoto huyo huitwa mzito au mvivu, na bibi huwatuliza wazazi kwa methali: kawia ufike.

Ni kweli wapo watoto wanaokawia na kufika. Lakini neno la daktari haliahidi hivyo. Linasema mtoto achunguzwe.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 2006 viwango vya hatua hizo baada ya kufuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, zikiwamo Ghana na Oman. Karibu wote walikaa bila kushikwa kabla ya kupita sana miezi 9, na walitembea wenyewe kufikia miezi 17 na nusu hivi. Kwa hiyo mtoto wa miezi 10 asiyekaa, au wa miezi 18 asiyetembea, apelekwe akaonwe sasa. Aliyezaliwa njiti huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Sababu inaweza kuwa lishe, mtindio wa ubongo au ugonjwa mwingine. Asiyesema huenda hasikii, hivyo masikio yapimwe kwanza. Mazoezi yakianza mapema, ubongo ungali unakua kwa kasi, humsaidia zaidi mtoto.

‘Regression’ haisubiri

Neno hili hutumika kwa mtoto aliyekuwa na uwezo fulani kisha akaupoteza. Alikuwa akiita “mama” na sasa haiti, au alikuwa akitembea na sasa anatambaa.

Huyu hajachelewa. Alishafika, akarudi. Katika umri wowote hiyo ni dalili ya kumwona daktari bila kungoja tarehe ya kliniki, kwa sababu inaweza kuhusiana na usonji, kifafa au ugonjwa wa ubongo. Kukiwa na homa, degedege au mwili kulegea, apelekwe siku hiyo hiyo.

‘Default’ na woga wa kuitwa mtoro

Kwa Kiingereza ‘default’ husemwa pia kwa mkopaji aliyeshindwa kulipa deni. Kwa miaka mingi neno hilo liliandikwa kwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyekatiza dawa, na kwa Kiswahili akaitwa mtoro.

Mwaka 2013 WHO iliacha kulitumia kwa kifua kikuu. Badala yake, mgonjwa aliyekatiza matibabu kwa miezi miwili mfululizo au zaidi husemwa amepotea katika ufuatiliaji. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu: neno la lawama humfanya mtu aogope kurudi.

Woga huo unaujua hata mzazi aliyeruka tarehe ya chanjo kwa sababu familia ilikuwa shambani, kwenye korosho au ufuta. Anafikiri atafokewa, au mtoto ataanzishwa upya, basi anabaki nyumbani. Chanjo nyingi za utotoni, zikiwamo za wiki ya 6, 10 na 14, huendelezwa pale zilipoishia. Ile ya surua na rubela ya miezi 9 na 18 nayo ikipita, aende aulizie.

Kwa dawa za kifua kikuu, mzazi asimwanzishie mtoto mwenyewe. Aende na dawa zilizobaki, aseme zimerukwa siku ngapi, na mhudumu ataamua.

‘Relapse’ si sawa na kukatiza

‘Relapse’ ni ugonjwa kurudi baada ya kupona. Kwa kifua kikuu, huyu alimaliza dawa au alithibitishwa kupona, kisha akaugua tena. Njia yake ni tofauti na ya aliyeacha dawa katikati.

Kwa malaria, homa ikirudi wiki chache baada ya matibabu, huenda vimelea havikuisha au mtoto ameumwa na mbu wengine. Kununua dawa ile ile dukani ni kubahatisha. Mtoto apimwe, na mzazi ataje tarehe na dawa aliyopewa, na kama dozi ilimalizika, maana mhudumu anaweza kuhitaji kubadili dawa.

Kuchelewa kwa aina tatu

Wajawazito wana neno lao. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waligawa ucheleweshaji unaoua kina mama mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Mgawanyo huo unaonyesha kwamba lawama si ya mama peke yake. Mbili za kwanza familia inaweza kujiandaa nazo kabla ya uchungu: nani ataamua kama baba yuko shambani, nauli iko wapi, bodaboda au gari ni la nani. Mfumo wa M-mama, kwa namba 115 isiyotozwa, hutafuta usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwa mama anayevuja damu, methali ya “kawia ufike” haifai. Inayofaa ni ile nyingine: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Maswali matatu kabla ya kuondoka

Mzazi halazimiki kujua Kiingereza. Anaweza kuuliza: Neno hili linamaanisha nini kwa mtoto wangu? Tufanye nini, na turudi lini? Dalili gani ikitokea tusisubiri tarehe hiyo?

Majibu yaandikwe kwa Kiswahili kwenye daftari linalokaa pamoja na kadi, ili hata bibi au shangazi atakayempeleka mtoto safari ijayo aweze kuyasoma.