Mapigo ya moyo wa mtoto humwambia nini mkunga wakati wa uchungu?

MAMA anapokuwa katika uchungu wa kuzaa, mtoto hana sauti ya kueleza hali yake. Habari zake humfikia mkunga kupitia mapigo ya moyo. Ndiyo maana mkunga huweka tumboni mwa mama kijibomba chenye umbo la tarumbeta, au kifaa kidogo cha Doppler.

Kijibomba hicho kilibuniwa na daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, mnamo 1895, na kingali kinatumika hadi leo.

Kwa kawaida, moyo wa mtoto aliyetimiza miezi yake hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Mapigo yakisikika kuwa 80 au 90, mkunga hupima pia mshipa wa mkono wa mama, kwani huenda anayoyasikia ni mapigo ya mama mwenyewe. Yakizidi 160 kwa muda mrefu, huenda mama ana homa, maambukizi au upungufu wa maji mwilini.

Hata hivyo, hesabu peke yake haitoshi. Muhimu zaidi ni kujua mapigo hushuka wakati gani. Kila mji wa uzazi unapokaza, damu inayopita kwenye kondo la nyuma hupungua, na mtoto hupata oksijeni kidogo kwa muda. Mtoto mwenye afya huvumilia hali hiyo.

Mapigo yakishuka kidogo pamoja na mkazo na kurejea unapokwisha, mara nyingi ni kichwa kinachobanwa njiani, na hilo si jambo la kutia hofu. Yakishuka ghafla bila mpangilio, huenda kitovu kinabanwa. Lakini yakishuka baada ya mkazo kufikia kilele na kukawia kurejea, tena mara kwa mara, huenda kondo linashindwa kumpa mtoto oksijeni ya kutosha. Hali hiyo isiposhughulikiwa, mtoto anaweza kuumia ubongo au kufariki.

Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza mapigo yasikilizwe kwa angalau dakika moja, kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila dakika tano mama anaposukuma. Mkunga husikiliza wakati wa mkazo na kwa angalau sekunde 30 baada yake.

Je, mashine inayochora mapigo kwenye karatasi mfululizo si bora zaidi? Utafiti uliochapishwa mnamo 1985, uliohusisha karibu wanawake 13,000 jijini Dublin, Ireland, ulionyesha kuwa mashine hiyo ilipunguza visa vya watoto wachanga kupatwa na degedege, lakini haikupunguza vifo. Aidha, tafiti zimeonyesha kuwa huongeza upasuaji. Mnamo 2018, WHO ilishauri isitumiwe mfululizo kwa mama mwenye afya ambaye uchungu wake umeanza wenyewe.

Dalili mbaya zikitokea, mama hulazwa kwa ubavu, dawa ya kuongeza uchungu husimamishwa, na daktari huitwa. Mapigo yasiporejea, mtoto huhitaji kuzalishwa haraka.

Hivyo basi, mama au anayemsindikiza asisite kuuliza: mapigo ni mangapi, na yalikuwaje baada ya mkazo?