Steji Nzuri ya Bodaboda ni Afya ya Familia Yako

Leo tunazungumzia steji ya bodaboda. Pengine unajiuliza, steji na afya vinahusiana vipi?

Yule kijana anayekuletea gesi, unga au dawa hadi mlangoni ni mwana wa mtu, na huenda ni wako. Jina bodaboda lilizaliwa huku kwetu, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakati wa baiskeli. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, nazo zikajaa mijini. Lakini miji yetu haikuwa imezitengea mahali. Ndiyo maana vijana wengi hungojea kazi ukingoni mwa lami, wakipigwa na jua, mvua na vumbi.

Madhara yake ni yapi? Asiye na choo karibu hujinyima maji ili asihangaike. Mkojo unakuwa mzito, kichwa kinauma, na baada ya muda mrefu anaweza kupata mawe kwenye figo. Asiye na mahali pa kunawa hula kwa mikono ileile iliyoshika pesa na mizigo. Hapo ndipo kuhara na homa ya matumbo huingia, na jioni akifika nyumbani humbeba mtoto. Naye aliyekosa pa kupumzika huchoka, na uchovu huleta ajali.

Wengi husema baridi ya asubuhi ya Kitale huleta nimonia. Nimonia huletwa na viini, si upepo. Koti zito ni zuri, lakini kikohozi chenye homa na kupumua kwa shida kipelekwe kituo cha afya mapema.

Steji nzuri inahitaji mambo matano:

1. Iwe nje ya barabara, mbali na lango la shule au la hospitali, ili ambulensi na watoto wapite.
2. Paa na benchi, kwa ajili ya jua na mvua.
3. Mtungi wenye mfereji, sabuni, na maji safi ya kunywa.
4. Choo cha karibu, chenye upande wa wanawake pia.
5. Taa, ili wewe na mzigo wako muonekane usiku.

Je, mama anaweza kufanya nini? Kwa Katiba ya 2010, barabara za kaunti, maegesho, taa za barabarani na usafi wa mazingira ni kazi ya serikali ya kaunti. Kabla ya bajeti kupitishwa, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni. Usiwaachie wanaume peke yao mkutano huo. Nenda na mwenyekiti wa steji yenu, mkaombe jambo moja mnaloweza kulionyesha: "Tunaomba choo karibu na steji ya sokoni." Ombi lililo wazi ni rahisi kufuatilia mwaka ujao.

Wakati mnangoja, anzeni na kilicho karibu. Wewe unayeuza uji au chapati stejini, weka mtungi na sabuni mbele ya meza. Mfunze mtoto asivuke barabara akitokea katikati ya pikipiki zilizoegeshwa, kwa maana dereva hamwoni. Ukipanda, kumbuka sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na uvae helmeti. Utafiti umeonyesha kuwa helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70, na vifo kwa karibu asilimia 40.

Kumbuka pia, usiku wa uchungu wa uzazi, mara nyingi wa kwanza kuitwa ni huyo huyo wa bodaboda. Afya yake ni njia yako ya kufika hospitalini.