Mama Mgeni Wakati wa Vita

Somo: Ruthu 2:1-17

Leo twapenda kueleza jinsi ya kumsaidia mama aliyekimbia vita. Tutajifunza kwa mambo yaliyowapata Wayahudi hapa hapa Kenya.

Msafiri atokaye Kitengela, akiingia Nairobi na kuifuata barabara ya Uhuru mpaka mzunguko wa University Way, ataona makanisa, na karibu nayo sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi. Jiwe la msingi la sinagogi la kwanza la Nairobi liliwekwa mwaka 1912. Basi, Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia, jumuiya ndogo ya Wayahudi ilikuwa tayari imekaa mjini.

Huko Ujerumani, Hitler alishika utawala mwaka 1933. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi mengi yalichomwa moto na maduka ya Wayahudi yakavunjwa. Waliopata njia wakakimbia. Waliofika Kenya walikuwa wachache, kwa maana serikali ya kikoloni ilidai fedha za dhamana. Wayahudi wa Nairobi waliwalipia baadhi yao dhamana hiyo, wakawatafutia kazi mashambani. Mmoja wa waliofika mwaka 1938 alikuwa mtoto Stefanie Zweig. Baba yake, aliyekuwa wakili kwao, huku akawa mfanyakazi wa shamba. Binti huyo alipokuwa mtu mzima alitunga kitabu juu ya maisha hayo, kikatolewa mwaka 1995.

Septemba 1939 vita vilianza, na tazameni jambo lililotokea. Watu hao waliomkimbia Hitler walihesabiwa kuwa Wajerumani, raia wa nchi adui! Wanaume walitiwa kizuizini. Wanawake na watoto waliletwa Nairobi, wakawekwa katika hoteli za Norfolk na New Stanley. Kitanda walipata, na chakula pia. Lakini mume hayupo, lugha ya mji ni ngeni, na wazazi wamebaki Ulaya penye hatari. Je, mama wa namna hiyo anahitaji nini?

Hebu tutazame desturi ya Wayahudi. Ijumaa, kabla jua halijatua, mama wa nyumba huwasha mishumaa, na mkate huwekwa mezani. Hivyo Sabato huingia. Kwa sheria yao ya zamani, ibada kamili ya sinagogi hutaka wanaume kumi. Lakini mishumaa ya nyumbani yaweza kuwashwa na mama peke yake. Kwa hiyo, wanaume wanapoondolewa, mama ndiye anayebaki kuitunza imani ya nyumba. Tena sheria yao hukataza kuchanganya nyama na maziwa. Sisi wa Kajiado hatuwezi kulicheka jambo hilo, kwa maana wazee wa Kimaasai nao hawakula nyama na maziwa siku moja.

Ndugu zangu, hapa twajifunza mambo mawili. Kwanza, mkimbizi hahitaji chakula tu. Ahitaji pia nafasi ya kuwasha taa ya nyumba yake, kuomba kwa lugha yake, na kuwalea watoto katika njia aliyofundishwa na mama yake. Pili, kabla ya kumpa kitu, tumwulize.

Boazi alilifahamu hilo. Aliwaagiza wavunaji wayaache masuke makusudi njiani mwa Ruthu, wala wasimkemee. Ruthu akaokota kwa mikono yake mwenyewe, akarudi jioni kwa mkwewe Naomi na shayiri yake, bila kuaibishwa na mtu.

Sisi wenyewe tumekosa katika jambo hili. Mama mmoja aliyekimbia vita alikuja kuabudu pamoja nasi. Tukamwita mbele, tukamkabidhi mfuko wa unga, tukapiga makofi. Yeye akatazama chini. Jumapili iliyofuata hakuja, wala hakuja tena. Tulipomtembelea alisema, “Kwetu nilikuwa mwalimu wa kwaya. Hapa hamkuniuliza hata jina la wimbo.” Unga wetu ulikuwa mzuri, lakini tulimnyang'anya heshima kwa mkono ule ule uliotoa unga.

Tena tuungame kosa lililo kubwa zaidi. Wayahudi milioni 6 waliuawa katika vita vile, katika nchi zilizojaa makanisa. Wako Wakristo waliowaficha kwa kuhatarisha maisha yao, lakini wengi walinyamaza. Basi, sisi tusinyamaze jirani anapotukanwa kwa ajili ya kabila lake au dini yake.

Mama msikilizaji, na wewe baba, juma hili mtafute mgeni aliye karibu na mlango wako. Mpigie hodi. Keti naye. Mwulize watoto wake wanaitwa nani, na kwao waliomba namna gani. Akihitaji kodi ya chumba au mtu wa kumsindikiza hospitali, lifanyeni kimya kimya. Wala msimpe sharti la kujiunga na kanisa letu kwanza. Boazi hakuuza masuke yake.

Tuombe. Ee Bwana, Mungu wa wajane na wageni, utusamehe makofi yetu. Utufundishe kuacha masuke njiani na kunyamaza. Amina.