Shimo la Lirhanda na dhahabu ya Busia

LUMINO. Mchuuzi anayetoa samaki Majanji akapita Lumino, akavuka mpaka Busia na kushika barabara ya Mumias, hufika Kakamega. Wengi huishia sokoni. Wachache husogea hadi Isecheno, ndani ya msitu, kumtafuta kiongozi wa kuwapandisha Kilima cha Lirhanda.

Viongozi hao ni wenyeji. Wageni wengi hupanda alfajiri ili jua liwachomozee kileleni, kisha huonyeshwa shimo lililochimbwa ubavuni mwa kilima enzi za dhahabu. Ndani ni giza, unyevunyevu na popo. Beba tochi.

Mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson alipata dhahabu karibu na Kakamega. Walowezi waliofilisiwa na kuporomoka kwa bei za mazao wakamiminika na sururu zao. Mahindi na kuku wa wenyeji wakapata wanunuzi kambini.

Lakini kulikuwa na ardhi. Sheria ya 1930 iliahidi kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika ikichukuliwa, watapewa nyingine badala yake. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imeshaonekana, serikali ya kikoloni iliigeuza: penye machimbo, fidia ya pesa ilitosha. Ahadi haikutimiza hata miaka mitatu. Mgodi mkubwa wa Rosterman nao ukafungwa mwaka 1952.

Miamba yenye dhahabu haikusimama mpakani. Wilayani Busia, Uganda, wachimbaji wadogo wa Tira bado huosha mchanga kwa karai na kunasa dhahabu kwa zebaki, sumu inayoingia mwilini na kwenye maji. Agosti 2025 Rais Yoweri Museveni alizindua huko mgodi wa Wagagai, kampuni ya Wachina, wenye thamani ya dola milioni 250.

Safari hii sheria zinasema mengi zaidi. Ile ya Uganda ya 2022 inawatambua wachimbaji wadogo. Ya Kenya ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali penye mgodi. Karatasi ya 1930 pia ilisomeka vizuri.

Mama wa Lumino anayepeleka samaki machimboni anauza leo, na wanunuzi wapo. Wapo pia majirani wenye mashamba juu ya miamba hiyo, na kwao swali ni lilelile la Kakamega: wakihamishwa, watalipwa nini, na watalima wapi?